Zamu ya Mama Kasuku

"Presha ya jicho inayokuja polepole. Mgonjwa analalamika nini kwanza?"

"Halalamiki chochote."

"Una uhakika?"

"Ndiyo hatari yake. Mbele anaona vizuri, kumbe pembeni kunaliwa kidogo kidogo. Siku akijigonga mlangoni ndipo anakuja hospitali."

Baba Kasuku alisoma jibu nyuma ya kadi, akatabasamu, akaisukuma chini ya rundo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jikoni, miguu ameinyoosha, na mkewe amesimama mbele ya sinki akimenya viazi. Ilikuwa Jumapili mchana. Binti yao wa miaka saba, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa kuwa neno lolote lililosemwa mbele yake alilirudia, alikuwa chini ya meza na mwanasesere wake wa kitambaa.

"Halalamiki chochote," alimwambia mwanasesere kwa sauti ya daktari. "Ndiyo hatari yake."

"Nyumba hii siku hizi," alisema mama mkwe, mama yake Baba Kasuku, kutoka sebuleni, "hata ukiomba chumvi unaulizwa swali kwanza."

Wote wanne walicheka. Kucheka pamoja kulikuwa bado kunawezekana siku hiyo.

Walikuwa wamepatana tangu walipooana kwamba watasoma kwa zamu. Mume alikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, na bila kupasi mitihani ya bodi ya wahasibu angebaki karani mpaka kustaafu. Basi akaanza yeye. Alifeli mara mbili, akapasi ya tatu. Katika miaka hiyo yote mkewe alifanya kazi siku sita kwa wiki kwenye duka la miwani, akapika, akafua, akamziba mtoto mdomo ili baba asome. Hakusema hata siku moja kwamba amechoka. Alisema, "Zamu yangu inakuja."

Na sasa ilikuwa imekuja. Dukani alikuwa msaidizi tu: alichonga lenzi, alikaza fremu, alishika tochi mwenye duka akipima. Ili apime macho kwa mkono wake mwenyewe na kuweka sahihi yake, alihitaji leseni, na leseni ilihitaji mtihani wa siku mbili: Jumatano ya maandishi, Alhamisi ya vitendo, mbele ya wasahihishaji na mgonjwa wa kweli. Tena mwaka huu ndio uliokuwa wa mwisho kwa wenye cheti cha zamani kama chake. Atakayekosa, bodi ilitangaza, arudi chuoni miaka miwili.

"Nyingine," alisema Mama Kasuku, akidumbukiza kiazi majini.

"Hujachoka tu?"

"Niulize, mume wangu. Zimebaki siku kumi."

Akamuuliza.

* * *

Mwenye duka la miwani aliitwa na wateja Mzee Lenzi. Alikuwa mtu wa maneno machache na shati safi, mwenye tabia ya kusema na mtu huku akifuta kitu. Jumanne asubuhi alikuwa akifuta fremu.

"Zile siku zako mbili," alisema bila kuinua macho, "hazitawezekana."

Mama Kasuku alidhani hakusikia vizuri. Kulikuwa na mteja mbele ya kioo akijaribu miwani ya jua, na dada wa kaunta alikuwa akipanga vikasha.

"Mzee, uliniahidi tangu mwanzo wa mwaka."

"Niliahidi kabla ya kupata kazi ya shule. Wanafunzi watapimwa macho Jumatano na Alhamisi hizo hizo. Nani atanishikia tochi? Huyu?" Alielekeza kidevu kwa dada wa kaunta, ambaye aliinamia vikasha vyake.

"Nikikosa safari hii narudishwa chuoni, Mzee. Miaka miwili."

"Chuo si jela."

Mteja alicheka ndani ya kioo. Mama Kasuku aliona meno yake yote, na akaona uso wake mwenyewe nyuma ya bega la yule mtu, umesimama kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Naomba tuzungumze pembeni, Mzee."

"Pembeni kuna maneno gani mengine? Nyumba yako inasemaje kuhusu huo mtihani?"

"Nyumba yangu inasema nikafanye."

Hapo ndipo Mzee Lenzi alimtazama kwa mara ya kwanza, juu ya miwani yake, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto anayeapa kwamba amenawa mikono.

"Haya," alisema. "Haya, mama." Akarudi kwenye fremu yake.

* * *

Jioni hiyo Baba Kasuku alirudi mapema na kuku mzima wa kuchoma kwenye mfuko, jambo ambalo kwa kawaida lilikuwa la mwisho wa mwezi. Mkewe alipoanza kusimulia yaliyotokea, hakungoja afike mwisho. Alimshika bega.

"Pole sana, mama. Pole. Lakini usijiue. Mtihani haukimbii."

"Huu unakimbia. Si nilikusomea tangazo mwenyewe?"

"Bodi hizi nazijua mimi. Wanatisha leo, kesho wanaongeza muda."

"Twende wote kesho ukamwombe," alisema mkewe. "Wewe atakusikia. Ni mtu wa kusikia wanaume."

Baba Kasuku aliachia bega, akaanza kukatakata kuku kwa uangalifu mkubwa.

"Mimi? Nikaingilie kazi yako? Ataniona mume wa namna gani huyu, anayemfuata mkewe mpaka kazini?"

Mama mkwe alikuwa amekwisha kaa mezani. Alichukua paja, akaliweka kwenye sahani ya Kasuku.

"Mtihani, mtihani," alisema. "Kuna mtihani mmoja ambao nyinyi wawili hamtaki kuufanya. Tazameni mtoto anavyozungumza na kitambaa kwa kukosa ndugu. Mimi nitaletewa lini wa pili? Nikiwa kaburini?"

Mke aliinuka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Mume alitazama sahani yake.

Wa pili alikuwa amekuwepo. Mimba ilikuwa na miezi minne ilipoharibika, wiki ile ile Baba Kasuku alipokuwa akifanya mitihani yake ya mara ya tatu. Mkewe alikwenda hospitali peke yake, akarudi peke yake, akalala siku moja na kusema ana homa. Alimwambia mumewe ukweli alipomaliza karatasi ya mwisho, si kabla, kwa sababu alijua akiambiwa kabla hatashika kalamu. Baba Kasuku alilia mpaka akashindwa kusimama. Wakakubaliana wasimwambie mtu yeyote, hata bibi. "Hili litakufa na sisi," mume aliapa, na mkewe alimwamini kama unavyoamini sakafu unapoikanyaga.

Baada ya kula aliosha vyombo, akakausha mikono, akatandika vitabu vyake mezani. Angejaribu tena kwa Mzee. Angeomba hata Alhamisi peke yake.

"Nishikie kadi," alimwambia mumewe.

Akamshikia.

* * *

Ijumaa alasiri mwalimu wa ile shule alikuja dukani kuchukua miwani yake. Mama Kasuku alimvalisha, akamrekebishia masikioni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujipanga akamuuliza watoto watapangwaje wiki ijayo, kwa madarasa au kwa umri.

"Wiki ijayo?" Mwalimu aligeuza kichwa huku na huku, akifurahia kuona. "Hapana, mama. Ni mwezi ujao, tukishamaliza mitihani yetu. Mzee anajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua tarehe."

Alimpa risiti, akamfungulia mlango, akamtakia siku njema. Kisha akaingia chumba cha kupimia bila kubisha hodi. Kilikuwa na giza, isipokuwa ile chati ya herufi iliyowaka ukutani. Mzee Lenzi alikuwa akifuta mashine.

"Shule ni mwezi ujao," alisema Mama Kasuku.

Mzee hakukana. Alikunja kitambaa mara mbili.

"Kaa, mama."

"Nimesimama vizuri."

"Kaa nikwambie." Na kwa kuwa palikuwa na kiti kimoja tu kingine, Mama Kasuku akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. "Mumeo alikuja hapa Jumatatu saa ya mchana, ulipokuwa umetoka kula. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe."

"Mume wangu?"

"Alilia. Mimi nina wajukuu, sijazoea kuona mwanamume analia. Akaniambia, 'Mzee, nisaidie nyumba yangu.' Akaniambia kuhusu ile mimba. Kwamba ilitoka kwa sababu ya uchovu, na kwamba daktari amesema ukiendelea kujichosha hivi hutashika nyingine. Na wewe ni mbishi, husikii la mtu, kwa hiyo labda kizuizi kitoke nje. Akaniomba nisikwambie. Sasa umegundua mwenyewe, lakini mimi ni mzazi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mama Kasuku aliangalia chati. Alizijua zile herufi kwa moyo, kutoka kubwa mpaka ya mwisho kabisa, na hakuweza kusoma hata moja.

"Daktari gani?" aliuliza.

"Sikuuliza jina."

"Hakuna daktari, Mzee. Hakuna daktari aliyesema hivyo."

Mzee Lenzi alipumua kama mtu anayepokezwa mzigo wa watu wengine.

"Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake. Nendeni mkapatane. Mumeo akija akaniambia vingine, siku zako mbili utazipata."

Alipotoka, mkokoteni wa bidhaa ulikuwa umefika, na maboksi yalikuwa yamepangwa mlangoni. Aliinama kuchukua moja, kwa sababu mikono yake ilitaka kazi. Dada wa kaunta aliruka na kumnyang'anya.

"Acha, dada, acha! Mzee amekataza usibebe vizito." Akashusha sauti, akamgusa mkono. "Pole sana. Mungu atakupa mwingine."

Tangu Jumanne walikuwa wakimbebea maboksi na kumsogezea kiti, na yeye alikuwa akiwashukuru. Alidhani ni wema tu wa watu wanaomhurumia kwa kukosa ruhusa.

* * *

Jumamosi, baada ya kazi, alimpeleka Kasuku kucheza kwa jirani. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake amejilaza. Baba Kasuku alikuwa sebuleni anapiga pasi shati, na alipomwona mkewe amekaa bila kuvua viatu, akajua.

"Jumatatu mchana ulikwenda wapi?"

"Nani amekwambia?"

"Sijakuuliza nani amekwambia. Nimekuuliza ulikwenda wapi."

Aliiweka pasi chini, akaikosea nafasi yake, akaiweka tena.

"Mama Kasuku, nisikilize. Nilikuwa naokoa nyumba."

"Kwa kumpelekea Mzee Lenzi habari za mimba iliyonitoka?"

"Nilimwambia mtu mmoja. Mtu mzima."

"Dada wa kaunta amenipa pole. Mtoto wa watu, hajaolewa hata, ananishika mkono ananiambia Mungu atanipa mwingine. Mtu mmoja!"

"Sikujua kama atasema."

"Mimi pia sikujua kama utasema." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha mumewe kuliko kelele. "Na yule daktari? Ulimtoa wapi?"

"Nilisema tu. Ili alichukulie kwa uzito."

"Ulimtunga."

"Nilimtunga."

Shati lilikuwa limeanza kutoa harufu ya kuungua. Akachomoa waya.

"Kitu kimoja sikielewi," mkewe alisema. "Jumatatu umeshamaliza kila kitu, unajua siendi. Jumanne ukanishikia kadi. Jumatano ukanishikia kadi. Juzi nilikosea swali la mtoto wa jicho, ukanirudisha mpaka nikapata. Ulikuwa unaniulizia nini?"

Mumewe alizungusha waya wa pasi mkononi.

"Sikujua nitaachaje," alisema mwishowe.

"Uliona raha kunitazama nikihangaika?"

"Usiseme hivyo. Wallahi usiseme hivyo." Alikaa kwenye mkono wa kochi, shati lililoungua mapajani. "Sijui kulisema vizuri. Mimi nilipokuwa nasoma, nilijua hutaondoka. Ningefeli mara kumi ningekukuta hapa. Sasa wewe hufeli. Nakushikia zile kadi na kila siku naona hufeli. Utapata leseni, utapata kliniki, mshahara utanipita. Mimi nimepasi kwa kubebwa na bado nimekaa dawati lile lile, hata cheo sijapewa. Utakaa kwangu kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili yako," alisema Mama Kasuku. "Nilikuwa nakaa kwa ajili yako."

Baba Kasuku alilisikia lile "nilikuwa". Alitaka kumwomba alirudie kwa njia nyingine, lakini kabla hajasema, mlango wa chumba cha bibi ulifunguka.

"Mimba gani?" mama mkwe aliuliza.

Alikuwa peku, kilemba kimelegea, ameshika fremu ya mlango.

"Si naongea na watu? Nauliza, mimba gani?"

"Ya miezi minne, mama," alisema mkamwana wake. "Wiki ya mtihani wake. Siku ile nilipokwambia nina homa."

Mama mkwe alikumbuka. Ilionekana usoni kwamba alikumbuka kila kitu, hata maneno aliyoyasema siku ile: kwamba homa haimzuii mtu kufua, na kwamba wao zamani walijifungua asubuhi na jioni wakapika. Alikaa kwenye kiti cha karibu kama mtu aliyesukumwa.

"Na mimi kila siku nilikuwa..." alianza, asimalize. Alifunga kilemba, akakifungua, akakifunga tena. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mwenzako aliuficha msiba wake ili wewe ufanye mtihani. Na wewe ukauchukua msiba huo huo ukamzuilia mtihani wake?"

"Mama, mimi..."

"Leo usiniite mama."

Baba Kasuku alisimama. "Jumatatu nitakwenda kwa Mzee. Nitafuta kila neno nililosema."

"Usiende," alisema mkewe. Alikuwa ameanza kuvua viatu, kimoja baada ya kingine, bila haraka. "Umeshanisemea vya kutosha."

* * *

Jumatatu alimkuta Mzee Lenzi akifuta kioo cha mlango.

"Mzee, Jumatano na Alhamisi sitakuja. Nimeona nikwambie mapema."

"Mumeo amekubali?"

"Mume wangu hakuniajiri. Uliniajiri wewe."

"Basi na aje. Akija na kauli moja..."

"Haji."

Mzee Lenzi alishusha kitambaa. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kumwonyesha kosa lake. Aliamini kwa moyo wote kwamba alikuwa amesimama kati ya wanandoa wawili kama mzazi, na sasa mmoja wao alikuwa anamvunjia heshima mlangoni mwa duka lake, wapita njia wanaona.

"Mama, ukitoka siku hizo bila ruhusa, usirudi."

Alikuwa amelitarajia hilo, lakini kulisikia ni kitu kingine. Miaka tisa alikuwa amefungua duka lile asubuhi. Alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kaunta mbele ya yule dada, ambaye alikuwa analia waziwazi. Akatoka na kikombe chake cha chai, kwa sababu kilikuwa chake.

Asubuhi ya Jumatano alikuta mama mkwe amekwisha amka. Chai ilikuwa mezani, mkate umepakwa siagi, blauzi yake imepigwa pasi vibaya, mkono mmoja una mikunjo miwili. Mama mkwe alimtazama akila mpaka kipande cha mwisho.

"Mtoto ni wangu leo na kesho," alisema. "Hata akirudi na jino limeng'oka, hutaambiwa mpaka umalize."

Kisha akasikia alichokisema, akafunika mdomo. Mama Kasuku aliinuka, akaja upande wa pili wa meza, akamkumbatia kichwa. Walikaa hivyo kidogo, wanawake wawili ambao kwa miaka minane hawakuwahi kugusana isipokuwa kwa kupeana vyombo.

Baba Kasuku alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, kadi mkononi.

"Tupitie chache? Nikusindikize tunapitia."

Mkewe alimpita kama unavyompita mtu kwenye ngazi.

Karatasi za maandishi zilikwenda vizuri. Alhamisi, kwenye vitendo, walimpa babu mmoja mpole aliyevaa tai kwa heshima ya mtihani. Alipoinua tochi kumulika jicho, maneno ya dada wa kaunta yalimjia ghafla, "Mungu atakupa mwingine," na mwanga ukaponyoka kwenye jicho ukaangukia shavu. Msahihishaji aliandika kitu. Babu akasema polepole, bila kutikisa kichwa, "Mimi sina haraka, daktari." Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Alishusha tochi, akavuta pumzi, akaanza upya.

* * *

Matokeo yalichukua miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa mirefu kuliko miaka ya zamu. Mtu aliyezoea mshahara wake alijifunza kusema, "Naomba ya sabuni." Mumewe alimpa zaidi ya alichoomba, kila mara, na kila mara akasema, "Si lazima uniombe," na hilo likawa gumu kulipokea kuliko kunyimwa. Alikuja nyumbani mapema. Alifua. Alimpeleka Kasuku shule. Usiku walilala kitanda kimoja kama abiria wawili waliopangiwa kiti na mtu mwingine. Siku moja alimwomba msamaha akiwa amepiga magoti jikoni, na mkewe akamwambia, "Inuka, mtoto anakuja," akaendelea kukatakata vitunguu. Hakuwa anamkatalia. Alitafuta ndani yake kitu cha kumpa akakuta pamekauka.

Siku ya matokeo, alipasi. Ndani ya wiki mbili kliniki ya macho ya hospitali ilimwajiri, na mshahara, kama mumewe alivyoogopa, ulimpita wake.

Baba Kasuku ndiye aliyepanga sherehe. Alikodi viti na turubai, akalipia chakula, akaalika majirani, ndugu, wafanyakazi wenzake na bosi wake. Bila kumwambia mkewe alimwalika pia Mzee Lenzi, ambaye alikuja na shati safi na zawadi ya saa ya ukutani, akakalishwa meza ya mbele. Mama Kasuku alimsalimu kwa heshima zote. Mgeni ni mgeni.

Walipokwisha kula, Mzee Lenzi aliinuka kwanza. Alisema anajivunia mwanafunzi wake, kwamba alimfundisha kushika tochi alipokuwa hajui hata mboni iko wapi, na kwamba mzazi mwema wakati mwingine humsukuma kifaranga nje ya kiota ili ajifunze kuruka. Watu wakapiga makofi.

Kisha akainuka Baba Kasuku. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha ya kweli, kwa maana alimpenda mkewe, na mbele ya watu wale ilimwia rahisi kuamini kwamba mambo yalikuwa hivyo anavyoyasema. Alisema watu wengi huwaacha wake zao wasome peke yao, lakini yeye alikaa naye kila jioni akimuuliza maswali. Alisema ndoa ni kupokezana mzigo. Alisema, "Nilimwambia, mke wangu, songa mbele, mimi niko nyuma yako." Makofi yalikuwa makubwa. Mhasibu mwenzake alipiga mluzi. Kasuku, aliyekuwa mapajani mwa bibi yake, akarudia kwa sauti, "Niko nyuma yako!" na turubai zima likaangua kicheko. Bibi peke yake hakupiga makofi. Mikono yake ilikuwa imemzunguka mtoto, ikabaki hapo.

"Daktari! Daktari! Aseme!" walipiga kelele.

Mama Kasuku alisimama. Aliwashukuru walioacha shughuli zao kuja. Alimshukuru mama mkwe wake, aliyemchemshia chai na kumlelea mtoto. Alimshukuru Kasuku kwa kunyamaza alipoweza. Alimshukuru babu mmoja mwenye tai, ambaye hakulijua jina lake na ambaye hangemwona tena, kwa kutokuwa na haraka.

"Asanteni," alimaliza. "Karibuni vinywaji."

Mtu mmoja nyuma, mcheshi wa mtaa, alipiga kelele: "Na mume je? Daktari, umemsahau mumeo!"

Watu walicheka, wakigeuza vichwa kumtazama Baba Kasuku, aliyekuwa ametabasamu tayari, mkono kifuani, akingoja zamu yake.

"Sijamsahau," alisema Mama Kasuku, akakaa.

Mcheshi alicheka tena, lakini peke yake. Mzee Lenzi alivua miwani yake akaanza kuifuta. Halafu mtu akawasha muziki, na watu, kama watu walivyo, wakainuka kufuata vinywaji.

Jua lilikuwa bado lipo wageni walipokwisha kuondoka. Baba Kasuku alikuwa akipanga viti vya kukodi, kimoja juu ya kingine. Mkewe alikuwa akikusanya glasi.

"Watu wote waliona," alisema mumewe. "Ungenitaja tu. Neno moja. Mimi leo nimekusifu mbele ya watu mia."

"Nimekusitiri, Baba Kasuku."

"Kwa kuninyamazia hivyo?"

"Ningefungua mdomo kukutaja, ningekutaja kwa yote. Mzee Lenzi alikuwa pale, bosi wako alikuwa pale, mama yako alikuwa pale. Nilikuwa nayo yote mdomoni." Aliinua trei. Ilikuwa nzito, na mumewe alinyoosha mikono kumpokea, naye akaizungusha upande wa pili. "Nimeitunza siri yako. Wewe yangu ulishindwa kuitunza."

Akaingia ndani na glasi. Baba Kasuku alibaki nje katikati ya viti, mikono yake bado imenyooka mbele, na ilichukua muda kabla hajakumbuka kuishusha.